Jiwe moja, injini na siku ya kliniki: Safari ya pikipiki kwenye miteremko ya Meru

Arusha. Ukitoka Arusha mjini asubuhi kwa barabara ya Moshi, Mlima Meru unakuwa kushoto kwako. Unapita Tengeru, migomba na kahawa pande zote, kisha unafika Usa River, ambako njia ya Momella inaachana na barabara kuu na kupanda kaskazini.

Hapo ndipo wengi hubadilisha usafiri. Daladala inabaki kwenye lami, na abiria mwenye safari ya vijijini anatafuta bodaboda. Kwa familia za Leguruki, King'ori, Ngare Nanyuki na vitongoji vilivyo juu zaidi, pikipiki ndiyo basi la shule, gari la mizigo, na siku nyingine ndiyo gari la wagonjwa.

Mzazi anayepanda huwaza mengi: nauli, vumbi, mtoto aliye mgongoni. Ni wachache wanaoinama kutazama chini ya injini, ingawa hatima ya safari mara nyingi iko pale.

Pikipiki nyingi za kawaida za abiria zina nafasi ya takribani sentimita 16 hadi 18 kati ya tumbo la injini na ardhi. Huo si urefu mkubwa; ni kama kiganja cha mtu mzima kilichonyooshwa. Akishapanda dereva, abiria na gunia la nyanya, springi zinabonyea na nafasi inapungua. Barabara ya mjini haina neno. Kwenye njia ya mawe, jiwe moja linatosha kutoboa kasha la injini.

Chukulia familia moja ya upande huo wa mlima, ambayo inafanana na nyingi. Baba ni dereva wa bodaboda, mama analima nyanya na maharage, na wana watoto watatu. Wa mwisho ametimiza miezi tisa, umri wa kupata chanjo ya kwanza ya surua na rubella.

Siku ya huduma ya mkoba, muuguzi anatoka kituoni na kuwafuata akina mama kijijini, chini ya mti au kwenye jengo la kanisa. Baba ndiye anayembeba. Muuguzi amepakata kibebeo cha chanjo chenye vipande vya barafu, kwa sababu chanjo zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Kule mbele akina mama wameshapanga kadi za kliniki kwenye benchi.

Katikati ya mteremko kunasikika mlio mkavu chini ya miguu. Baba anaendelea hatua chache, kisha anaona mstari mweusi nyuma yake. Ni oili.

Injini za pikipiki hizi hubeba oili kama lita moja tu, na kasha likitoboka inaisha kwa dakika chache. Hapo uamuzi sahihi ni mmoja: zima injini mara moja, sukuma. Anayejikaza kufika "hapo mbele tu" anaua kabisa injini, maana vyuma vinasagana bila kilainishi mpaka inanoki. Anayezima mapema anaweza kuokoa injini na kubaki na kazi ya kuziba tobo au kubadilisha kasha.

Siku hiyo baba anazima. Muuguzi anatembea na kibebeo chake begani. Anafika amechelewa, na baadhi ya akina mama wamesharudi shambani.

Mawe haya yanatoka wapi?

Kwa anayelalamikia barabara za Meru, mlima wenyewe una maelezo. Meru, wenye urefu wa meta 4,566, ni mlima wa volkano na wa pili kwa urefu nchini baada ya Kilimanjaro. Mara ya mwisho kutoa majivu ilikuwa mwaka 1910.

Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wake wa mashariki uliporomoka. Ndiyo maana ukiutazama kutoka upande wa Momella unaona kama bakuli lililovunjika ukingo mmoja. Kifusi kilichomwagika ndicho kilichoacha vilima vidogo vidogo na mabonde yaliyoshika maji ya maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha.

Mawe ya kifusi hicho bado yamo ardhini. Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, zinaosha udongo na kuyaacha wazi. Jiwe lililokuwa limefukiwa Februari, Mei linakuwa limesimama katikati ya njia. Kiangazi kinapofika vumbi laini la majivu ya zamani linajaza mashimo, na dereva haoni kilicho chini yake.

Upande wa kusini wa mlima, kule kwenye migomba, tatizo ni utelezi na mizizi. Upande wa kaskazini mashariki, kuelekea Ngare Nanyuki, ardhi ni kavu na mawe ni mengi. Ni eneo lenye historia nzito: mwaka 1951 Wameru waliondolewa kwa nguvu Ngare Nanyuki kuwapisha wakulima wa Kizungu, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akapeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa. Leo eneo hilo linajulikana kwa nyanya, na sehemu ya mavuno hayo hushuka kwa pikipiki.

Mazungumzo ya jioni

Jioni ya siku ile ya oili, nyumba ina mazungumzo magumu. Pikipiki haifanyi kazi, kwa hiyo hakuna hesabu ya siku. Mama ana akiba kwenye kikundi cha vicoba, lakini ilikuwa ya sare na madaftari.

"Baba watoto, hili jiwe tutalilipa mara ngapi?" ndilo swali la mama.

Ni swali la haki. Kubadilisha kasha la injini kunahitaji kununua kasha, gasketi na oili mpya, kumlipa fundi wa kufungua na kufunga, na kupoteza siku kadhaa za kazi. Kipande cha chuma au alumini cha kuzuia jiwe kisifike kwenye injini ni sehemu ndogo ya gharama hizo.

Kipande hicho ni bamba la kukinga injini. Linakaa chini ya injini kama sahani, na upande wa mbele limekunjwa kwenda juu. Jiwe likija linagonga bamba na kuteleza kwenda nyuma. Pikipiki nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya mashamba na njia mbovu hutoka nalo kiwandani. Hizi za bei nafuu za abiria, mara nyingi hapana.

Wanakubaliana. Tobo litazibwa, na safari hii haitaishia kwenye tobo. Mama anatoa fedha ya vicoba kwa sharti moja: atakwenda naye mjini, akaone kinachofungwa.

Arusha, mji wa mafundi chuma

Arusha inafahamika kwa utalii, lakini ni mji wa mafundi chuma pia. Kwenye karakana zake Land Cruiser hukatwa, hurefushwa na kuwekewa paa la kufunguka ili watalii wasimame kutazama wanyama. Taasisi mbili za umma za uhandisi, CAMARTEC na TEMDO, zina makao yake hapa, na shughuli zake zinahusu zana za kilimo na mitambo midogo. SIDO nayo ipo kwa ajili ya wenye viwanda vidogo.

Kwa hiyo mtu mwenye pikipiki hakosi pa kwenda. Kuanzia Unga Limited hadi Sakina utakuta vibanda vya kuchomelea, cheche zinaruka, mageti yameegemezwa ukutani. Ugumu uko kwenye kumpata fundi anayeelewa kwamba bamba la pikipiki halifanani na geti.

Fundi mzuri hutambulika kwa kitu anachofanya kwanza. Kabla ya kushika chuma, anapiga magoti, anatazama fremu na kuuliza pikipiki inapita wapi na inabeba nini. Anayekata pleti kabla ya kupima anatengeneza tatizo jipya.

"Shemeji, hapa kuna mambo mawili: uzito na ugumu," fundi wa aina hiyo atamwambia mama, maana ameshaona nani ameshika fedha.

Chuma ni kigumu, ni rahisi kupatikana na kila fundi anaweza kukichomelea. Ubaya wake ni uzito na kutu. Pleti ya chuma ya milimita 3, yenye ukubwa wa sentimita 30 kwa 40, ina uzito wa karibu kilo 2.8.

Alumini ya ukubwa uleule, hata ikiwa nene zaidi kwa milimita 4, ina uzito wa kilo 1.3 hivi. Haishiki kutu kama chuma na inatoa joto vizuri. Lakini ni ghali zaidi, na kuichomelea kunahitaji mashine na ujuzi ambao si kila kibanda kinao. Njia rahisi ni kuikunja na kuifunga kwa bolti bila kuichomelea.

Yapo pia mabamba ya plastiki ngumu. Ni mepesi, hayapigi kelele na yanateleza vizuri juu ya jiwe. Hayafai kukaa karibu na bomba la ekzosi, kwa kuwa joto huyalainisha.

Kwa bodaboda ya Meru inayobeba watu na mizigo kila siku, chuma cha milimita 3 au alumini ya milimita 4 ni chaguo la busara. Bati jembamba la kuezekea halifai. Jiwe likiligonga linajikunja na kuisukuma injini, na hapo umenunua urembo.

Lifungwe wapi, lifungwe vipi

Kosa kubwa ni kulifunga bamba kwenye injini yenyewe. Likigongwa, nguvu yote inaingia kwenye kasha lilelile ulilotaka kulilinda. Bamba linafungwa kwenye fremu, kwa vishikizo vya bolti.

Baadhi ya pikipiki zina fremu inayozunguka chini ya injini kwa mabomba mawili. Hizo ni rahisi: vishikizo vinavyokumbatia bomba vinatosha, bila kutoboa wala kuchomelea. Nyingine hazina bomba lolote chini. Injini yenyewe ndiyo imening'inia. Hapo fundi anapaswa kutengeneza vishikizo vinavyotoka mbele kwenye fremu na nyuma kwenye chuma cha kukanyagia. Asichomelee ovyo kwenye fremu, maana joto likizidi hudhoofisha bomba linalobeba familia nzima.

Kama kuchomelea hakuepukiki, tangi la petroli litolewe na kuwekwa mbali, na waya wa betri uchomolewe ili umeme wa mashine usiharibu vifaa. Watoto wasisimame kutazama. Mwanga ule huunguza macho, na maumivu huanza saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku.

Kati ya bamba na injini iachwe nafasi, angalau upana wa kidole. Bamba likigusa injini litagonga siku nzima na kupitisha kila pigo. Penye chuma kukutana na chuma, mbali na ekzosi, vipande vya raba ya tairi kuukuu, ileile ya kutengenezea katambuga, hupunguza mtetemo na kelele.

Matundu ni lazima. Moja liwe chini ya nati ya kumwagia oili, liingie spana bila kufungua bamba. Dereva akilazimika kufungua bolti nne kila anapobadilisha oili, ataanza kuchelewesha kubadilisha. Matundu mengine ni ya kupitisha hewa na kutoa maji na matope. Injini hizi hupozwa na upepo, kwa hiyo bamba lisipande mbele hadi kuziba mapezi yake.

Vichwa vya bolti vya chini vizame ndani ya pleti au vifichwe nyuma ya mkunjo. Kichwa kilichochomoza kitakatwa na jiwe la kwanza. Nati ziwe zile zenye plastiki ndani, ambazo hazilegei kwa mtikisiko.

Kabla ya kumlipa fundi

Mama anayesimama pembeni na mkoba wake ana haki ya kuomba majaribio haya yafanyike mbele yake:

Kwanza, baba akamate breki ya mbele na kukandamiza usukani kwa nguvu mpaka springi zibonyee hadi mwisho. Gurudumu la mbele lisiguse ukingo wa bamba. Likigusa njiani, gurudumu linaweza kukwama na dereva akarushwa.

Pili, stendi ya pembeni ifunguke na kufungika bila kukwaruza. Pedali ya breki na ya gia zishuke mpaka mwisho.

Tatu, kidole kipite kati ya bamba na bomba la ekzosi, injini ikiwa imepoa.

Nne, wakae watu wawili juu ya pikipiki, na wa tatu atazame chini. Bamba lisiwe limeshusha tumbo la pikipiki kiasi cha kugusa kila tuta.

Tano, kingo zote zipigwe msasa au grenda. Ukingo mkali wa pleti hukata mguu wa mtoto anayepanda kama kisu.

Baada ya siku mbili tatu za kazi, bolti zote zikazwe tena, kwa kuwa mpya hujilegeza mwanzoni. Kila wiki bamba lisafishwe. Nyasi kavu zikijaa kati yake na ekzosi zinaweza kushika moto, na matope yakikauka humo hufunika injini na kuizuia kupoa. Pia huficha uvujaji mdogo wa oili ambao zamani ungeonekana chini asubuhi.

Bamba halivai helmeti

Hapa ndipo wazazi wanapaswa kusikiliza zaidi. Bamba linalinda injini. Halimlindi mtu, na hatari ni dereva kujiona ana ruhusa ya kukimbia juu ya mawe. Chuma kipya chini hakibadilishi breki wala tairi.

Helmeti ndiyo kinga ya mtu. Mapitio ya tafiti nyingi za kimataifa yalionyesha kwamba helmeti hupunguza majeraha ya kichwa kwa takribani asilimia 69 na vifo kwa asilimia 42 kwa waendesha pikipiki wanaopata ajali. Faida hiyo anaipata aliyeivaa na kuifunga kamba. Iliyotundikwa kwenye usukani haimlindi mtu yeyote.

Mshikaki ni kosa kisheria, lakini tazama hata kwa jicho la fundi: abiria wa ziada anashusha injini karibu na jiwe, anarefusha umbali wa kusimama na kumsukuma dereva kwenye tangi. Mtoto aliyebanwa katikati hana cha kushika.

Ekzosi nayo ina majeruhi wake, hasa watoto wanaoshuka upande wa kulia wakiwa na miguu wazi. Akiungua, mwagilia maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga. Jeraha likiwa kubwa au lina malengelenge mengi, mpeleke kituo cha afya.

Kuhusu mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu au mwenye dalili za hatari, pikipiki iwe chaguo la mwisho. Kwa dharura za wajawazito na watoto wachanga kuna mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, ambao hupigiwa simu namba 115 bila malipo. Namba hiyo iandikwe ukutani, iwe pia kwenye simu ya baba na ya bibi. Mlimani, kupiga simu mapema ndiyo nusu ya safari.

Mwezi unaofuata

Siku ya mkoba inarudi. Pikipiki inapanda tena, muuguzi nyuma, kibebeo kimefungwa vizuri. Kwenye mteremko uleule kunasikika mlio chini ya miguu, sasa ni mzito, kama sufuria iliyogongwa na mwiko.

Baba hasemi kitu. Anasimama penye tambarare, anainama, anapitisha mkono chini ya bamba na kuutazama. Una vumbi. Hauna oili.

Wanaendelea, polepole.

Mtoto wa miezi tisa sasa ana miezi kumi. Amechelewa mwezi mmoja, na muuguzi anamwambia mama kwamba chanjo iliyochelewa bado inatolewa. Asingekata tamaa hata kama ingechelewa zaidi. Mtoto analia, anabembelezwa, kadi inaandikwa. Chanjo inayofuata ya surua na rubella ni akitimiza miezi 18.

Mama anaihesabu miezi kwa vidole. Masika yatakuwa yamepita na mawe mapya yatakuwa yamejitokeza njiani. Anamwambia baba watoto kwamba wiki hiyo, kabla ya safari, akaze bolti.